Geuza TV Kwanza

Nikiitwa nyumbani kwa mtu kutazama TV iliyokataa, kioo sikiangalii. Naomba kitambaa, napangusa vumbi, kisha naigeuza nione mgongo. Wenye nyumba hawapendi. "Fundi, shida iko huku mbele, haionyeshi kitu," wananiambia, na mimi naendelea kugeuza. Kioo hakina la kuniambia. Matundu ya nyuma ndiyo yanayosema: kipi kimechomekwa wapi, waya gani imelegea, na tundu gani halijawahi kuguswa tangu TV itoke dukani, bado limezibwa na kile kipande cha plastiki.

Mimi ni fundi wa elektroniki hapa Kitale, na wateja wangu wengi ni wa Kipsongo, mtaa wa pembeni mwa mji ulioanza na familia za Waturkana waliokimbia ukame na wizi wa mifugo kaskazini. Leo utakuta humo kila kabila la Trans Nzoia. Nyumba nyingi ni chumba kimoja cha mabati au udongo, pazia limegawa kitanda na sebule, na TV imekaa juu ya meza ikiwa imevishwa kitambaa cha kufuma. (Kitambaa hicho ni kizuri, lakini kikiziba matundu ya hewa ya nyuma, TV inapika. Kiteremsheni kidogo.) Wengine wanatoka upande wa Bungoma, Chwele na Kamukuywa, wanaleta TV kwa matatu zikiwa zimefungwa kwa blanketi, na wananiita "mayi", yaani mama, kwa sauti laini ili bei ishuke.

Sehemu kubwa ya TV hizo hazijaharibika hata kidogo. Ila mwenyewe anadhani TV ni kitu kinachojitegemea, na hicho ndicho kinachomlia pesa. TV nyingi za Kenya ziliacha kujitegemea mwaka 2015.

Wenye umri wangu wanakumbuka ilivyokuwa. Ulinunua TV, ukapandisha antena kwenye mlingoti wa mwanzi, mtu mmoja akauzungusha nje huku mwingine akipiga kelele dirishani, na chenga zikipungua mkatazama KBC. Kila kitu kilikuwa ndani ya kasha moja. Kisha mwaka 2006 nchi nyingi za Ulaya, Afrika na Mashariki ya Kati zilikubaliana huko Geneva kwamba kufikia tarehe 17 Juni 2015 ziwe zimehama kutoka matangazo ya analogi kwenda dijitali. Faida yake ilikuwa wazi. Masafa yaliyobeba stesheni moja ya analogi yanaweza kubeba zaidi ya kumi za dijitali, na nafasi inayobaki wapewe watu wa simu. Tanzania ilitangulia, ikazima analogi Dar es Salaam mwisho wa Desemba 2012. Sisi tulianza kuonja dijitali Desemba 2009, tukavutana mahakamani, na kuzima kwenyewe kukaja mwisho wa 2014 na miezi ya kwanza ya 2015. Februari ile Citizen, NTV na KTN zilitoweka hewani karibu wiki tatu, wenye stesheni wakizozana na serikali kuhusu leseni na mitambo ya kurushia matangazo.

Huku kwetu watu wengi walidhani TV zao zimeungua. Wengine waliziuza kwa bei ya kutupa. Waliobaki nazo walinunua dekoda, wakafunga waya tatu zilizokuwa ndani ya boksi, wakaendelea na maisha. Hawakuona kwamba jambo kubwa limetokea sebuleni mwao. Dekoda ndiyo inayokamata matangazo, inayafungua, inapeleka picha na sauti kwa waya. Kazi iliyobaki ya ile TV ni kuwa kioo na spika. Basi, kama inaweza kupokea picha kutoka kisanduku kimoja cha nje, itapokea kutoka kisanduku kingine chochote: deki, mashine ya gemu, laptopu, simu, dekoda ya jirani aliyehama akaiacha. Ni suala la tundu tu.

Na suala la kitufe. Kwenye rimoti kuna kitufe kimeandikwa SOURCE au INPUT, au kina alama ya kisanduku chenye mshale unaoingia ndani. Kazi yake ni kuiambia TV isikilize tundu lipi. Mtoto akikigusa, TV inahama kutoka HDMI 1 kwenda AV, na kioo kinaandika "No Signal" kwa herufi kubwa. Hapo mama wa nyumba anapiga simu kwamba TV imekufa. Haijafa, inangoja picha kwenye tundu ambalo halina kitu. Siku hizi nauliza kwa simu kwanza, "Kioo kimeandika nini?" kabla sijapanda bodaboda, maana kumtoza mtu nauli kwa kubonyeza kitufe kimoja ni aibu.

Mfano mzuri wa mambo haya ni kibanda cha gemu. Kipsongo kama mitaa mingine, vijana hulipa kwa mechi, wanakaa kwenye benchi la mbao na kucheza mpira kwenye PlayStation 2. Mashine hiyo Sony waliitoa mwaka 2000, wakauza zaidi ya milioni 150 duniani, na haionyeshi dalili ya kustaafu. Mwenye kibanda kimoja alikuwa na TV ya zamani yenye mgongo mrefu, ikaungua, akanunua bapa mpya ya inchi 32. Akanipigia simu siku hiyo hiyo. "Mama fundi, hii TV mpya haina mahali pa kuchomeka PS."

Nikaigeuza. Kweli, yale matundu matatu ya mviringo, manjano, nyeupe na nyekundu, hayakuwepo. Kwa miaka mingi rangi hizo ndizo zilizotulisha sisi mafundi: manjano ni picha, nyeupe ni sauti ya kushoto, nyekundu ni sauti ya kulia. Ukibadilisha nyeupe na nyekundu huwezi hata kujua. Ila ukichomeka ya manjano kwenye nyeupe, picha haiji na spika inanguruma, kwa sababu TV inajaribu kuimba picha. TV yake mpya ilikuwa imebana yote matatu ndani ya katundu kamoja kembamba kanakofanana na ka spika za masikioni, pembeni pameandikwa AV. Kwa tundu la namna hiyo unahitaji kawaya kafupi, upande mmoja jeki, upande wa pili matundu matatu ya rangi. Mara nyingine hukaa ndani ya boksi chini ya styrofomu na watu hukatupa pamoja na boksi. Kake kalitupwa.

Jeki hiyo iangaliwe vizuri kabla ya kulipa. Jeki ya kawaida ya sauti ina mistari miwili myeusi kwenye chuma chake. Ya AV ina mitatu, maana inabeba kitu cha ziada, picha. Nikanunua moja mjini, nikachomeka, na picha haikuja. Sauti ya kushoto ipo, kioo cheusi. Vijana kwenye benchi wakaanza kucheka. Nikatoa waya ya manjano ya PS nikaichomeka kwenye tundu jekundu la kile kiunganishi, na nyekundu nikaitia kwenye manjano. Picha ikaja safi. Sababu ni kwamba viwanda havikukubaliana mistari ya jeki ipangweje: mmoja anaweka picha pale mwingine anapoweka sauti ya kulia. Rangi za plastiki zinabaki zile zile, ndani mambo yamegeuzwa. Kwa hiyo ukikosa picha kwenye AV ya jeki, badilisha manjano na nyekundu kabla hujarudisha waya dukani. Mara nyingi ni hilo.

Kuna TV nyingine zina matundu matano, kijani, bluu na nyekundu upande mmoja, nyeupe na nyekundu upande mwingine, na manjano hakuna. Angalia la kijani: likiwa limeandikwa AV pamoja na herufi Y, basi waya yako ya manjano inaingia hapo kwenye kijani, na kwenye SOURCE unachagua AV. Ukichagua Component utapata picha ya rangi ya majivu, kama sinema za zamani, na utadhani PS imeharibika.

Mwenye kibanda alinilalamikia jambo la pili: kwenye TV ile ya zamani wachezaji walionekana vizuri, kwenye bapa mpya wana ukungu. Ni kweli na halirekebishiki sana. Picha ya waya ya manjano ni ndogo, ilitengenezwa kwa vioo vya zamani. Kioo kipya kinaivuta mpaka ijae, na kuvuta kunaifumua. Nilichoweza ni kumwekea picha ya umbo la 4:3 isitanuke pembeni, na kuwasha ile hali ya gemu kwenye menyu, ambayo huizuia TV kupoteza muda ikiipamba picha. Bila hiyo, kijana anabonyeza kitufe na mchezaji anapiga mpira baadaye, na kwenye kibanda cha kulipia hayo ni matusi.

Ukungu huo unanileta kwenye ushauri ambao nautoa zaidi ya wowote mwingine, na ambao haunipi pesa. Dekoda nyingi zina matundu mawili ya kutolea picha, AV na HDMI. Watu hutumia AV kwa sababu waya zake ndizo zilizokuja kwenye boksi. Mama mmoja aliniambia anataka kuuza TV kwa kuwa hasomi majina yanayopita chini ya kioo wakati wa taarifa ya habari ya saa moja. Nilitoa waya zake tatu, nikaweka waya moja ya HDMI ya shilingi mia tatu, nikamhamishia SOURCE. Alisoma mpaka namba ya simu iliyokuwa kwenye tangazo la mbegu za mahindi. TV ile ile, dekoda ile ile.

HDMI ilitoka mwaka 2002, na ndani ya plagi yake bapa kuna pini 19. Inabeba picha na sauti pamoja, zote zikiwa dijitali. Usikubali kuuziwa waya ya elfu mbili yenye dhahabu kwa sababu "inaongeza rangi". Kwa umbali wa mita moja na nusu, waya ya bei nafuu isiyolegea inatosha. Picha ya dijitali ikifika imefika, na isipofika utaona inakatika au vidoti vinametameta. Hakuna waya inayoongeza rangi. Kinachoua HDMI huku kwetu ni kuchomeka na kuchomoa ovyo, gizani, kwa kulazimisha. Tundu likipasuka ndani, kulitengeneza ni kazi ya kuchomelea pini 19 zilizobanana, na nitakutoza.

Wenye TV za zamani zisizo na HDMI wasikate tamaa, ila wawe macho dukani. Kuna visanduku vidogo vyeusi au vyeupe vya kugeuza, na viko vya aina mbili vinavyofanana kama mapacha. Kimoja kimeandikwa HDMI2AV: kinachukua picha ya HDMI kutoka laptopu au dekoda mpya na kuipeleka TV ya zamani. Cha pili kimeandikwa AV2HDMI: kinachukua PS au deki ya zamani na kuipeleka TV mpya. Havirudi nyuma. Wauzaji wengi wa kaunta hawajui tofauti, watakwambia "hiyo ni konvata, inafanya kazi yote." Soma mwenyewe maandishi ya juu, na kumbuka kwamba kisanduku chenyewe kinahitaji stima kutoka kwa chaja ya simu. Watu hukichomeka bila chaja, kikakaa kimya, wakakirudisha.

Sasa flashi. Hapa Kitale huduma ya intaneti ya nyumbani wanayo wachache, na starehe ya wengi wa Kipsongo inatoka kwenye duka la kuweka muvi. Unapeleka flashi, unachagua kwenye orodha, unalipa, unarudi nyumbani. Wanaopendwa ni wasimulizi: DJ Afro, anayeifuata filamu ya Kihindi au ya Kichina kwa Kiswahili cha mtaani mpaka shujaa anaonekana amezaliwa Kenya, na wale wa ng'ambo ya mpaka, Uganda, wanaosimulia kwa Kiganda. (Sheria ya hakimiliki haiwapendi wenye maduka hayo, na wao wanajua.)

Malalamiko ni matatu, nayo yanajirudia. La kwanza: flashi ya 32 GB ina nafasi tele lakini inakataa faili moja kubwa. Hiyo ni kwa sababu imepangwa kwa mtindo wa FAT32, ambao haupokei faili inayozidi GB 4. Mtu wa duka anaweza kuipanga upya kwa exFAT au NTFS, lakini kwanza hakikisha TV yako inaisoma, maana TV nyingi za bei nafuu zinajua FAT32 tu. Njia rahisi ni kuomba muvi hiyo iliyobanwa ndogo. La pili: jina la faili linaonekana, ukilibonyeza TV inasema haitambui. Muvi nyingi za siku hizi zimebanwa kwa H.265, mtindo uliotoka 2013, na TV yako pengine inajua H.264 pekee. Mwambie muuzaji maneno hayo hayo, "nipe ya H.264, MP4," ataelewa. La tatu: picha ipo, sauti hakuna. Hapo TV haina ruhusa ya kufungua aina ya sauti iliyomo, hasa zile za sinema kubwa za Dolby na DTS. Filamu za wasimulizi hazisumbui hivi, kwa kuwa ni ndogo na zimetengenezwa ziingie hata kwenye simu ya kizamani. Nadhani ndiyo sehemu ya siri ya umaarufu wao, ingawa wapenzi wa DJ Afro watanipinga.

Tundu hilo la USB ndilo linaloleta ubishi mkubwa na vijana. Wanachukua waya ya chaja, wanachomeka simu kwenye USB ya TV, wanangoja TikTok itokee kwenye kioo. Simu inaanza kuchaji tu. Nawaeleza: USB ya TV ipo kwa ajili ya kusoma faili, haipokei picha ya kioo cha simu. Ukishusha arifa kwenye simu ukachagua kuhamisha faili, baadhi ya TV zitaisoma simu kama flashi, utaona picha na video ulizohifadhi. Zaidi ya hapo hakuna. Hata lile tundu jipya la USB-C si ahadi. Tangu 2014 linaweza kutoa picha kwenda HDMI, lakini ikiwa tu kiwanda kimelitengeneza hivyo, na simu nyingi za bei ya chini hazina uwezo huo. Utanunua kiunganishi cha elfu moja na mia tano na kisifanye kitu. Tafuta jina kamili la simu yako uone kama imeandikwa inatoa picha ya DisplayPort kabla ya kutoa pesa.

Bila waya kuna njia mbili, na watu huzichanganya. Ya kwanza, inayoitwa Miracast, inarusha kioo cha simu moja kwa moja kwenye TV. Kwenye simu utaikuta kwa majina kama Cast, Smart View au Wireless Display. Haihitaji intaneti. Kama video iko kwenye simu, hutumii bando hata kidogo. Lakini TV lazima iwe na uwezo huo, au ununue kidubwasha cha kuchomeka kwenye HDMI. Ya pili ni ya akina Chromecast, iliyoanza 2013: simu inatoa amri tu, na kidubwasha chenyewe kinaenda kuchukua video kwenye intaneti. Hiyo inataka Wi-Fi na inakula bando. Netflix wenyewe wanasema saa moja ya picha ya kawaida ni kama GB 1, na ya HD hufika GB 3. Kwa mtu anayenunua bando la siku, mechi moja ya HD imemaliza. Kwenye kioo cha inchi 32, ukiwa umekaa upande wa pili wa chumba, picha ya 480p inatosha; ishushe mwenyewe kwenye menyu, usingoje programu ikuamulie.

Vidubwasha hivyo vikizimika na kuwaka vyenyewe, usivilaumu kwanza. Watu huvipa stima kutoka kwenye USB ya TV, ambayo kwa kawaida hutoa nusu ampia tu. Tumia chaja ya ukutani. Diski kubwa ya nje nayo ni vivyo hivyo: inalia tik-tik na haionekani kwa sababu ina njaa.

Laptopu haina maneno mengi. HDMI hadi HDMI, kisha ushike kitufe cha Windows pamoja na herufi P, uchague kunakili. Sauti ikibaki kwenye laptopu, bonyeza alama ya spika chini kulia uchague TV. Vijana wa makanisa wanalijua hili kuliko mimi.

Sabufa, hata hivyo, ndiyo roho ya nyumba, na hapa ndipo IN na OUT huwachanganya watu. TV yenyewe ina spika nyembamba zinazotazama ukuta, kwa hiyo kila mtu anataka mdundo. Waya nyekundu na nyeupe ya sabufa ichomekwe pale TV inapotoa sauti: AUDIO OUT, au tundu la spika za masikioni. Ukichomeka kwenye AV IN utakaa kimya mpaka kesho, kwa kuwa umeunganisha vitu viwili vinavyosubiriana. TV mpya nyingine hazina tundu hilo la sauti kabisa. Zina katundu ka mraba kanakotoa mwanga mwekundu, OPTICAL. Kwa hilo utahitaji kisanduku kidogo cha kugeuza mwanga kuwa sauti ya kawaida, na kwenye menyu ya sauti ya TV uchague PCM, la sivyo utasikia mikwaruzo au kimya. Kama sabufa yako ina HDMI iliyoandikwa ARC, chomeka kwenye HDMI ya TV yenye maneno hayo hayo, si ile ya jirani yake. Nalo neno dogo: kuta za mabati hazizuii besi. Mimi huishusha besi robo nikiwa nafunga, na nimewahi kushukuriwa na jirani kabla ya mwenye sabufa.

Stima yetu inapotea na kurudi kwa kishindo, na mvua za Trans Nzoia huja na radi alasiri. Kifaa cha kulinda TV, kile cha kusubiri dakika chache kabla ya kuruhusu stima iingie, kina thamani zaidi kuliko waya yoyote niliyoitaja. Ila hakizuii radi. Ukisikia ngurumo, chomoa plagi, na uchomoe waya ya antena pia. Watu huacha antena. Dekoda nilizofungua zikiwa na alama nyeusi ndani ziliungulia upande wa antena, na kama kulikuwa na HDMI kati yake na TV, moto ulifuata waya hiyo ukala tundu la TV. Wenye TV za sola za volti 12 nao wasijaribu kuzichomeka kwenye soketi ya ukutani kwa sababu plagi inaonekana inafanana.

Mwisho niseme kuhusu TV za ndugu. Mtu ana dada Marekani, dada anarudi likizo na TV ya inchi 43, nyumba nzima imefurahi, na wakitafuta stesheni hawapati hata moja. Jirani anawaambia ni mbovu. Si mbovu. Marekani wanarusha matangazo kwa mtindo wao, ATSC, na sisi tunatumia DVB-T2, kwa hiyo kipokezi kilichomo ndani hakiwezi kusoma hewa ya Kitale. Lakini kipokezi hicho tulishakisahau tangu 2015. Dekoda ya kawaida isiyolipiwa kwa mwezi, HDMI 1, na TV hiyo inafanya kazi kama iliyonunuliwa mjini. Kitu ninachokagua kabla ya yote hayo ni kibandiko cha nyuma, karibu na mahali waya ya stima inapoingia. Kikiandika AC 100–240V, badilisha plagi tu uendelee. Kikiandika 120V peke yake, usiichomeke kwenye 240 yetu hata kwa kujaribu. Tafuta transfoma ya kushusha, na iwe ya wati zinazozidi kwa mbali zile zilizoandikwa kwenye kibandiko hicho hicho.